Nyanya: usie kwenye tuta, trei au viriba?

Ekari moja ya nyanya, kwa nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari na 60 kati ya mche na mche, inameza miche 9,000 hivi. Ongeza ya kuzibia mapengo, tuseme 10,000. Miche hiyo unaweza kuikuza kwenye tuta la ardhini, kwenye trei za plastiki, au kwenye viriba. Njia zote tatu zinazaa nyanya. Tofauti inajitokeza siku ya kuhamishia shambani. Mche wa tuta unang'oka na kuacha mizizi yake mingi myembamba ardhini. Wa trei unatoka na donge lake zima, ila dogo kama kidole gumba. Wa kiriba unatoka na udongo wake wote, na mtu wa kuubeba lazima apatikane. Ukilielewa hilo, mengine yote (mbegu, maji, magonjwa, kazi) yanajieleza.

Msimamo wetu tuuseme mapema. Kama umenunua mbegu chotara na nyumbani kuna mtu saa sita mchana, tumia trei. Kama mchana nyumba imefungwa, tuta litakuvumilia zaidi. Viriba viache kwa miche mia moja au mia mbili, au kwa mazao yasiyopenda kuguswa mizizi.

| | Tuta | Trei ya vishimo 128 | Kiriba cha sm 10 × 15 |
|---|---|---|---|
| Mbegu kwa miche 10,000 | gramu 60–100 | gramu 40 hivi | gramu 40 hivi |
| Eneo la kitalu | m² 60 | m² 12 | m² 40, bila njia |
| Cha kujazia | samadi madebe 60 | kokopiti (vumbi la makumbi ya nazi) lita 240 | udongo lita 4,000 |
| Maji | mara 2, baadaye mara 1 kwa siku | mara 2–3 kwa siku | mara 1 kwa siku |
| Siku hadi kuhamisha | 28–35 | 25–30 | 35–45 |
| Mche kusimama tena shambani | siku 5–10 | siku 2–3 | karibu hauyumbi |

Anza na bei ya mbegu

Gramu moja ya mbegu za nyanya ina mbegu 300 hivi. Aina nyingine 250, nyingine 350. Mbegu za kawaida kama Tengeru 97, Tanya, Cal J au Rio Grande huuzwa kwa gramu, na hata ukimwaga nyingi huumii sana. Tena unaweza kujitunzia za msimu ujao. Chotara, kwa mfano Anna F1, huuzwa kwa kuhesabiwa, na mbegu utakayokamua kwenye tunda lake haitakupa mmea kama mama yake. Kila msimu unarudi dukani.

Sasa piga hesabu. Kwenye tuta, tukikadiria kwamba mbegu 8 kati ya 10 zinaota na theluthi ya miche inapotea kwa sota (viwavi wakata miche), kinyausi (ugonjwa wa miche kuoza shingoni) na kung'olewa vibaya, mbegu 10 zinakupa miche 5 au 6 ya kupeleka shambani. Kwenye trei, kila mbegu ikiwa na chumba chake, 9 kati ya 10 si ndoto. Kwa mbegu ya bei nafuu tofauti hiyo ni ya kucheka. Kwa chotara inatosha kulipia trei zote kwa msimu mmoja au miwili, na trei nene zikitunzwa hudumu misimu mingi.

Kabla ya kuamua chochote, jaribu uotaji. Panga mbegu 50 kwenye kitambaa chenye unyevu, kunja, weka ndani ya mfuko mahali penye joto, hesabu siku ya 8. Zikiota 45, sia mbegu moja kwa kishimo. Zikiota 35, sia mbili na kata mmoja baadaye. Chini ya hapo, rudisha dukani au tumia tuta tu.

Tuta la ardhini

Tuta linataka upana wa mita 1, usizidi, ili mkono ufike katikati bila kukanyaga. Urefu ni upendavyo. Kwa ekari utahitaji kama mita 60, zikigawanywa matuta sita ya mita 10. Liinue sentimita 15 hadi 20 kama mvua ni nyingi. Mahali pakavu sana fanya kinyume, tuta lizame kidogo ili maji yasikimbie. Changanya debe moja la samadi iliyooza kwa kila mita ya mraba. Samadi mbichi inaunguza mizizi, inaleta magugu, na inamlisha ukungu anayesababisha kinyausi.

Chora mistari ya kina cha sentimita 1, ikiachana sentimita 15. Dondosha mbegu moja moja, fukia kwa udongo laini, tandaza nyasi kavu, mwagilia kwa keni yenye matundu madogo. Kwa joto la udongo la nyuzi 25 hadi 30 nyanya hutokeza siku ya 5 hadi ya 8. Milimani kwenye baridi inaweza kufika siku ya 14. Nyasi zitolewe siku ile ile unapoona migongo ya miche ikichomoza, jioni. Ukizichelewesha siku mbili tu, miche inarefuka kutafuta mwanga na haitanenepa tena. Badala ya nyasi weka kichanja cha makuti au matete, kimo cha mita 1, chenye kupitisha mwanga. Miche ikitoa jani halisi la kwanza, punguza mpaka ibaki nafasi ya sentimita 4.

Hatua hiyo ya kupunguza ndiyo inayorukwa, kwa huruma ya mbegu. Miche iliyobanana inagombania mwanga, hewa haipiti, shina linabaki laini, na kinyausi kinaingia: mche unabanwa shingoni usawa wa udongo, unakuwa kama uzi uliolowa, unaanguka. Kinaanza na duara dogo, kesho yake ni sahani, keshokutwa nusu ya tuta. Ukiona duara la kwanza, ng'oa pamoja na miche ya pembeni, acha kumwagilia jioni, fungua kichanja hewa ipite. Dawa ya ukungu yenye shaba au metalaksili, kwa kipimo cha lebo, inalinda iliyobaki. Iliyoanguka haifufuki.

Adui mkubwa zaidi wa tuta hamuonani naye. Minyoo fundo na mnyauko bakteria hukaa kwenye udongo, na mche ukiambukizwa kitaluni unauhamishia ugonjwa shamba zima kwa mikono yako. Kwa hiyo usitengeneze kitalu mahali palipokuwa na nyanya, bilinganya, pilipili, mnavu au viazi mviringo kwa miaka mitatu iliyopita. Desturi ya kuchoma takataka juu ya tuta inasaidia sentimita chache za juu tu; mizizi itashuka chini ya hapo ndani ya wiki mbili. Nailoni angavu (siyo nyeusi) iliyotandazwa na kuzikwa kingo juu ya udongo uliolowa, wiki 4 hadi 6 za jua kali, inafanya kazi vizuri zaidi, ila inakutaka upange mapema. Kama huna pengine isipokuwa ardhi yenye historia mbaya, usipoteze muda: nenda kwenye trei.

Sifa ya tuta ni uvumilivu. Udongo una akiba ya maji. Ukichelewa nusu siku, miche inalegea na kuinuka. Mvua ikichelewa wiki mbili na shamba halijawa tayari, miche ya tuta inasubiri, japo inarefuka.

Trei

Trei nyingi zina ukubwa wa sentimita 54 kwa 28, na zinapishana kwa idadi ya vishimo. Trei ya 200 ina vishimo vya mililita kama 12, ya 128 kama 23, ya 72 kama 42, ya 50 kama 70. Wauzaji husifu ya 200 kwa kuwa unahitaji 50 tu kwa ekari, badala ya 79 za vishimo 128. Tena kila trei, vyovyote iwavyo, inameza lita 3 hivi za kujazia au pungufu. Kwa hiyo unaokoa trei, nafasi na cha kujazia, lakini gharama yake ni kwamba kishimo cha mililita 12 kinakauka kabla hujamaliza chakula cha mchana, na mche wake lazima utoke siku ya 21 hadi 24. Kwa anayeanza, 128. Kwa pilipili hoho, ambazo hukaa kitaluni wiki 6 hadi 8, chukua 72.

Usijaze trei kwa udongo wa bustani. Ndani ya kishimo chembamba mfinyanzi unashikana kama tofali, maji yanasimama chini, juu panapasuka. Kinachotakiwa ni kitu chepesi kinachoshika maji na hewa kwa pamoja. Kokopiti ndiyo inayopatikana zaidi: tofali la kilo 5 likilowekwa kwenye maji ya lita 20 hadi 25 linavimba kufika lita 60 au 70. Matofali manne yanatosha trei 79. Mbadala wa nyumbani ni mboji iliyochekechwa sehemu 2, maganda ya mpunga yaliyochomwa mpaka meusi (yasigeuke majivu meupe) sehemu 1, na mchanga wa mtoni sehemu 1. Ni mzito zaidi ila unabeba chakula, jambo ambalo kokopiti halina kabisa.

Kokopiti ina kasoro moja inayojulikana vizuri na watu wa pwani. Makumbi huzikwa kwenye mchanga wa bahari kwa miezi ili kupata usumba wa kusokotea kamba, na vumbi linalotoka humo lina chumvi. Hata tofali la dukani linaweza kuwa limepitia maji ya chumvi. Lowesha, kamua, mwaga, mara tatu. Maji ya kwanza hutoka rangi ya chai ya rangi. Ya tatu yawe karibu na maji ya kawaida. Usipoosha, mbegu zitaota vizuri, kisha siku ya kumi kingo za majani zinaanza kuungua na miche inadumaa huku wewe ukidhani ni ugonjwa na kuongeza dawa.

Unyevu wa kujazia uupime kwa kiganja. Bana konzi moja: matone mawili au matatu yakidondoka, ni sawa. Yakichuruzika, acha yapungue. Jaza bila kushindilia, gonga trei mara moja mezani, jaza tena, futa kwa ubao. Bonyeza kwa kidole kina cha nusu sentimita hadi moja, weka mbegu, funika, nyunyiza. Sasa panga trei moja juu ya nyingine, kumi kumi, funika kwa nailoni, weka kivulini penye joto. Kuanzia siku ya tatu chungulia asubuhi na jioni. Ukiona mbegu chache tu zimepasua, siyo nusu, siyo nyingi, panga zote chini palepale. Hapa ndipo trei nyingi zinaharibikia: aliyesema "nitazipanga kesho" anakuta miche meupe ya sentimita 4 imelala.

Trei zisikae ardhini. Ziweke juu ya kichanja cha fito au waya, kimo cha sentimita 60 hadi 90, chini pawe wazi. Mzizi ukifika tundu la chini ukakutana na hewa kavu unaacha kurefuka, na mche unatoa mizizi mingine mingi ya pembeni. Ndiyo inayolishika donge. Trei iliyolazwa kwenye udongo inapitisha mizizi chini, na siku ya kuhamisha unaikata yote. Hapo umelipia trei ukavuna mche wa tuta.

Kumwagilia trei ni kazi inayotaka jicho. Mwagilia asubuhi mpaka maji yadondoke chini, saa sita tena, na saa tisa au kumi kama jua ni kali. Vishimo vya pembezoni hukauka kwanza, kwa hiyo zungusha keni kingoni mara mbili. Kwa anayetaka kujua bila kubahatisha: inua trei kwa mkono mmoja. Baada ya siku tatu mkono unajua uzito wa trei iliyoshiba na wa yenye kiu. Kokopiti ikikauka kabisa inakataa maji, yanapita pembeni na kutoka chini huku katikati pakavu. Hapo chovya trei nzima kwenye beseni dakika 10.

Chakula kianze jani halisi la kwanza likifunguka, karibu siku ya 10 hadi 12. Mbolea ya NPK 19:19:19 inayoyeyuka, gramu 1 kwa lita, mara mbili kwa wiki. Kijiko cha chai kisichofurika, kama gramu 5, kwenye kidumu cha lita 5, kinatosha. Wiki ya tatu panda hadi gramu 2 kwa lita. Majani kuwa njano kuanzia ya chini ni njaa. Upande wa chini kuwa zambarau ni upungufu wa fosforasi, na mara nyingi kisa ni baridi tu, mizizi haifyonzi. Wiki ya mwisho simamisha mbolea.

Trei haisubiri. Siku ya 30 mizizi imeshajizungusha, majani ya chini yanadondoka, na siku ya 40 utaona ua la kwanza mche ukiwa kimo cha kiganja. Mche wa hivyo ukipandwa hubaki kimbilikimo, unazaa matunda mawili matatu na kuchoka. Usisie trei kabla shamba halijalimwa na maji hayajapatikana. Na baada ya msimu osha trei, loweka kwenye maji yenye dawa ya klorini ya kufulia, sehemu 1 kwa 9, dakika 30, suuza, anika kivulini. Kinyausi kinachowasumbua watu wa trei kwa kawaida kinatoka kwenye trei ya msimu uliopita.

Viriba

Kiriba cha sentimita 10 kwa 15 kinachukua karibu nusu lita ya udongo, tuseme lita 0.4. Kwa miche 10,000 ni lita 4,000, toroli 65 na zaidi, za kuchekecha, kuchanganya, kujaza kwa mkono, na baadaye kubeba tena hadi shambani. Hakuna mkulima wa ekari anayefanya hivyo mara mbili. Kwa miche 200 ya nyuma ya nyumba, au kwa kitalu nyumba kidogo, ni habari nyingine: mche unakaa siku 40 bila kuchoka, unatoka na ua la kwanza likikaribia, na matunda yanakuja mapema.

Mchanganyiko uwe udongo wa juu 3, samadi iliyooza 2, mchanga 1. Kwa kuwa ni kidogo, unaweza kuua vimelea: weka kwenye pipa lililokatwa nusu juu ya maji kidogo, funika, choma moto chini, udongo wa katikati ukifika nyuzi 80, kiazi kibichi ulichofukia humo kinaiva. Dakika 30 kuanzia hapo zinatosha. Toboa matundu ya chini na ya pembeni, yasipungue sita. Kiriba kisichotobolewa vizuri ndiyo sababu ya kwanza ya miche kuwa njano. Vikombe vya mtindi vilivyotobolewa vinafaa, na penye migomba maganda makavu yaliyoviringwa yanafanya chungu kizuri kinachooza chenyewe ardhini. Gazeti lililoviringwa tabaka tatu linadumu wiki nne hivi, ila likizikwa, sehemu yake ya juu isibaki nje ya udongo, maana inavuta maji na kuyatoa hewani.

Njia ya kati, ambayo kwa maoni yetu haitumiki vya kutosha: sia kwenye trei ya 200, siku ya 15 hamishia kwenye viriba miche ile tu unayohitaji kuikawiza. Mvua ikichelewa, unakuwa na bima.

Kibarazani na ndani ya nyumba

Mjini, kwenye ghorofa, tuta halipo. Trei nusu au vikombe ishirini kwenye kibaraza vinatosha, lakini kosa ni kuamini dirisha. Chumba kinachoonekana na mwanga kwa macho ya mtu ni giza kwa nyanya. Miche inarefuka, inainama kwenye kioo, inakuwa mieupe shingoni. Kama kibaraza hakipati jua la saa 6 kwa siku, tumia taa nyeupe ya LED ya umbo la mrija, wati 18 au 20, sentimita 10 hadi 15 juu ya majani, iwake kwa muda wa saa 14 hadi 16 kwa siku, kisha izime; nyanya inahitaji usiku. Ipandishe taa kila miche inapopanda. Feni inayopuliza polepole, au kupitisha kiganja juu ya miche mara kadhaa kwa siku, hunenepesha shina. Wanaoishi London au Toronto hawana hiari: husia ndani wiki 6 hadi 8 kabla ya barafu ya mwisho, na miche haitoki nje mpaka usiku upite nyuzi 10.

Mche uliokulia ndani unaungua ukikutana na jua ghafla, majani yanakuwa na mabaka meupe kama karatasi. Siku ya kwanza saa moja kivulini, ya pili mbili, ya tatu jua la asubuhi, na kuendelea kwa siku 7 hadi 10.

Neti, kwa njia yoyote

Rasta, ule ugonjwa wa majani kujikunja na kuwa njano, huletwa na inzi weupe, na mche ulioambukizwa kitaluni hauzai chochote cha maana. Neti yenye matundu 50 kwa inchi, iliyofunika kote na kuzikwa kingo, ndiyo kinga. Chandarua cha mbu hakisaidii: inzi mweupe ana urefu wa karibu milimita 1 na mwili mwembamba, anapita. Hapa trei zina faida ya wazi, kwa sababu m² 12 zinafunikwa kwa kipande kimoja cha neti, na m² 60 za tuta zinataka fito, matao na neti mara tano.

Siku ya kuhamisha

Mche ulio tayari una majani halisi 4 hadi 6, kimo cha sentimita 10 hadi 15, shina nene kama kalamu ya risasi kwa wa tuta, jembamba kidogo kwa wa trei. Wiki moja kabla, ondoa kivuli kidogo kidogo na punguza maji. Mche ulegee kidogo mchana, jioni uinuke. Usiukaushe mpaka majani yawe magumu.

Chimba mashimo ya kina cha sentimita 15 mapema. Kila shimo konzi mbili za samadi na kifuniko kimoja cha soda cha mbolea ya DAP, kama gramu 5, vikorogwe na udongo. Chembe za mbolea zikigusa mizizi zinaiunguza, na mche utanyauka huku udongo umelowa, jambo linalowachanganya wengi. Anza saa kumi jioni, au siku ya mawingu.

Tuta limwagiliwe sana saa moja kabla. Ingiza mwiko wa bustani chini ya mizizi na inua, usivute. Shika jani, siyo shina: jani likichanika mche unatoa lingine, shina likibanwa mche umekwisha. Weka miche kwenye beseni, funika kwa gunia bichi, ng'oa inayotosha nusu saa tu ya kupanda. Trei nayo imwagiliwe saa moja kabla, bana kishimo kwa chini, donge litoke zima. Likivunjika, ama ni kavu ama umewahi. Kiriba kichane kwa wembe, kisha angalia chini ya donge. Mizizi iliyojizungusha ikate kwa mkato mmoja.

Nyanya inatoa mizizi kwenye shina, kwa hiyo izike mpaka chini ya majani ya kwanza, na uliorefuka mlaze kwenye kijitaro kichwa kikitazama juu. Pilipili hoho usizike hivyo. Kina kile kile ilichokuwa nacho. Donge la kokopiti lazima lifunikwe na sentimita 1 au 2 za udongo wa shamba, maana likichungulia juu linakuwa utambi, linavuta maji na kuyapeperusha. Bonyeza, mwagilia nusu lita. Kama una dripu (mipira ya umwagiliaji wa matone), tundu la matone liwe juu ya donge wiki ya kwanza. Likiwa sentimita 10 pembeni, udongo unaonekana umelowa na mche unakufa kwa kiu, kwa sababu mizizi bado haijatoka nje ya kokopiti.

Sota hukata shina usiku usawa wa ardhi. Kwa miche michache, pete ya karatasi ngumu ya sentimita 5, nusu ardhini, inamzuia. Mapengo yazibwe ndani ya siku 7; mche uliopandwa wiki mbili baadaye unafunikwa na wenzake na kubaki kuwalea kantangaze (nondo ambaye viwavi wake hutoboa majani na matunda ya nyanya).

Si kila zao ni nyanya

Kabichi, sukuma wiki na hasa vitunguu huvumilia kung'olewa mizizi mitupu; kuwatia kwenye trei ni starehe, ingawa chotara ya kabichi inastahili. Bilinganya na pilipili ziko upande wa trei kwa sababu ya uotaji wa taratibu, siku 8 hadi 21. Tango, tikiti maji na boga hukataa kuguswa mizizi: kiriba, siku 14 hadi 18, au sia moja kwa moja shambani. Papai ni kiriba tu. Karoti haihamishwi.

Kuna na wale watakaoamua kununua miche tayari kwa wakuzaji wa trei, na kwa aliye na shamba mbali na nyumbani ni uamuzi mzuri. Agiza wiki 5 kabla, taja aina na idadi ya vishimo. Siku ya kuchukua, chomoa miche mitano kutoka trei tofauti, siyo ile ya mbele: mizizi iwe meupe na siyo ya kahawia, donge lisivunjike, pasiwe na ua. Kisha geuza majani uangalie chini yake. Ukitikisa trei vikaruka vidudu vyeupe, iache hapo hapo.